Maji ya mjini ni ya nani? Maswali yenu kuhusu vitabu vya Marc Reisner

Toleo lililopita niliandika mistari kama kumi tu, kwamba nimemaliza kusoma kwa mara ya pili "Cadillac Desert", kitabu cha Mmarekani Marc Reisner kuhusu maji na miji ya magharibi ya Marekani, nikasema kimeninyima usingizi, na sehemu ya bwawa moja nimeirudia mara tatu. Basi. Sikutegemea meseji zote hizi, na wengine mmekuja na ugomvi kabisa. Nimechagua tano, nyingi zinafanana kwahiyo asiyejiona asinune.

Anko shikamoo. Uliposifia kile kitabu cha maji nikaingia mtandaoni, nikaona bei, nikafunga haraka. Kabla sijajinyima niambie, huyu Reisner ni nani hasa, ni injinia au profesa? Na ana vitabu vingapi, nianze na kipi? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba mdogo wangu. Wala si injinia wala si profesa na hiyo ndo raha yake, maana anauliza maswali ambayo mainjinia wanaona aibu kuuliza. Kazaliwa 1948 Minneapolis, miaka ya sabini alikuwa mwandishi kwenye shirika moja la kutetea mazingira, Natural Resources Defense Council, alafu akatoka akaenda kufukua habari za maji, makaratasi ya serikali, wazee wastaafu, mafaili yenye vumbi, mpaka kitabu kikatoka 1986. Toleo lililofanyiwa marekebisho ni la 1993, tafuta hilo. Alifariki 2000 kwa kansa, ana miaka 51 tu.

Vitabu vyake ninavyovijua mie ni vitatu. Hicho cha maji ndo kikubwa. Kuna "Game Wars" cha 1991 kuhusu askari wa wanyamapori anayejifanya mnunuzi ili awanase majangili, mamba wa Louisiana huko, pembe za wanyama wa baharini Alaska, kinasomeka kama hadithi ya upelelezi. Alafu "A Dangerous Place", kilitoka 2003 yeye hayupo tena duniani, kinahusu California kukaa juu ya nyufa za tetemeko, kifupi, na mie naona hakijaiva vizuri, unahisi kabisa mtu hakupata muda.

Anza na cha maji. Kinaanza yuko ndani ya ndege usiku, Novemba 1980, juu ya Utah, anachungulia nje chini ni giza tupu, hakuna taa, hakuna kijiji, anajiuliza swali la kitoto kabisa, mbona huku hamna watu. Kurasa zaidi ya mia tano zinazofuata zinalijibu hilo swali moja. Mie nilikisoma mara ya kwanza wakati ule wa mgao wa 2022, Ruvu imepungua, Dar nzima tunahesabu madumu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nasubiri zamu kwenye kisima cha jirani, tochi ya simu mkono mmoja kitabu mkono mwingine, na kuna ukurasa hadi leo una duara la kitako cha dumu. Kwahiyo labda siwezi kukihukumu kwa haki, mtu mwenye kiu akisoma habari za maji anasoma na koo.

Habari za kazi. Mume wangu kasoma ulichoandika akaanza kusema Los Angeles waliiba maji ya watu, nikamwambia acha kuropoka, mji mkubwa vile utaibaje maji? Waliiba au walinunua? Nauliza kwa sababu sisi huku twanywa maji ya chemchemi za Mzima, na mamangu mkwe ni Mtaita, kila akija mjini akifungua mfereji hutuambia "karibuni maji yetu." (Msomaji, Mombasa)

Dada'angu mpe mama mkwe salamu zangu, huyo hahitaji kusoma kitabu, angekiandika.

Jibu ni kwamba walinunua, na stakabadhi wanazo, na bado waliouza wakalia miaka hamsini. Iko hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Los Angeles ni mji unaokua mbio na kamto kake kadogo hakatoshi. Meya wa zamani, Fred Eaton, anajua kuna bonde linaitwa Owens, mbali huko nyuma ya milima ya Sierra Nevada, lina mto unaoshiba theluji. Anampeleka rafiki yake William Mulholland, mkuu wa maji wa jiji, wanakwenda na gari la farasi kuangalia. Mulholland anaangalia ule mto, anaangalia mteremko, anaona maji yanaweza kushuka yenyewe hadi mjini bila pampu hata moja.

Sasa hapo ndo utamu na uchungu. Eaton akaanza kununua mashamba ya bondeni, na wakulima wengi wakadhani ananunua kwa ajili ya mradi wa umwagiliaji wa serikali kuu, kwa sababu ofisa wa serikali aliyekuwa anapima ule mradi, Joseph Lippincott, alikuwa hapohapo analipwa na jiji kama mshauri. Yaani mkono huu anawapimia wakulima mradi wao, mkono ule anapokea pesa ya anayetaka kuuua. Hakuna aliyekatwa na panga. Kila mtu kasaini mwenyewe. Siri ilipotoka 1905 karatasi zenye maji zilikuwa tayari mjini. Wapigakura wa jiji wakakubali mkopo wa dola milioni 23 mwaka 1907, mfereji ukachimbwa kilomita 375 kukata jangwa na milima, na tarehe 5 Novemba 1913 wakafungua. Watu maelfu wamejaa kilimani, bendi inapiga, maji yakaporomoka, wakayakimbilia na vikombe vyao, na Mulholland, aliyetegemewa atoe hotuba ndefu, akamwambia meya tu kwamba hayo hapo, yachukueni. Kwa Kiingereza ni maneno matano.

Na kitu ambacho Reisner anakiweka taratibu ili kikuchome vizuri: sehemu kubwa ya maji yale mwanzoni hayakwenda kwenye matenki ya watu wa mjini. Yalikwenda kwenye bonde la San Fernando, ambalo wakati ule lilikuwa nje ya jiji, ardhi kavu iliyokuwa imeshanunuliwa kwa bei ya kutupa na kikundi cha matajiri, akiwemo mwenye gazeti la Los Angeles Times, gazeti lilelile lililokuwa linawatisha watu kila siku kwamba mji utakufa kwa kiu wasipopigia kura mfereji. 1915 San Fernando likaingizwa jijini. Bei ya ardhi usiniulize.

Watu wa Owens hawakukaa kimya. 1924 walilipua mfereji kwa baruti, na Novemba mwaka huohuo wanaume kama sabini wakaenda kwenye lango moja linaloitwa Alabama Gates, wakaliteka, wakafungua maji yakarudi kwenye njia yake ya zamani. Walikaa siku kadhaa pale. Wake zao wakaleta vyakula, wakachoma nyama, watoto wanacheza, na mwigizaji Tom Mix aliyekuwa anapiga filamu karibu na hapo akawatumia bendi yake iwapigie muziki. Mie hiyo picha siisahau, yaani mapinduzi yenye mishikaki. Kilichowamaliza si jiji, ni benki. Ndugu wawili, kina Watterson, ndo walikuwa viongozi wa upinzani na ndo wenye benki za bonde zima, 1927 benki zikafungwa, ikaonekana wamechezea hesabu, wakaenda jela na akiba za majirani zao zikaenda nao.

Kwahiyo mumeo kakosea kisheria lakini hajakosea sana. Na yako ya Mzima, bomba la kutoka Tsavo hadi Mombasa ni kilomita 220 hivi, la miaka ya hamsini, na manung'uniko ya Taita Taveta kwamba maji yanawapita mlangoni yanakwenda pwani ni ya miaka mingi, mpaka leo viongozi wao wanadai fidia. Tofauti ni kwamba Mombasa hamkuwanunulia mashamba watu kwa ujanja. Ila mama mkwe akisema "maji yetu" msicheke.

Kabla sijasahau, hapa nina ugomvi kidogo na Reisner. Anawahurumia sana wakulima wazungu wa Owens, lakini wale wakulima wenyewe walilikuta bonde lina watu, Wapaiute, ambao walikuwa wameshachimba mifereji yao ya kumwagilia, na 1863 jeshi likawaswaga kwa miguu, watu mia tisa na zaidi, hadi ngome ya jeshi ya Fort Tejon. Kwenye kitabu hawapewi nafasi inayowastahili. Mnyang'anywa naye alinyang'anya.

Mimi nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa tatu. Lecturer wetu alitaja bwawa la St. Francis dakika mbili akaendelea. Wewe uliandika kwamba hiyo sehemu uliirudia mara tatu. Kwa nini? Kosa lilikuwa zege au mwamba? (Msomaji, Mwanza)

Mwanafunzi, dakika mbili ni dhambi.

Mulholland ni mtu wa kumpenda, hilo ndo tatizo. Kazaliwa Belfast 1855, kaja Marekani baharia, akaanza kazi Los Angeles kama mzibua mitaro, kusafisha majani na matope kwenye mfereji kwa mkono. Uhandisi kajifunza usiku kwenye vitabu vya kuazima. Mfereji wake ulikwisha ndani ya bajeti. Mtu kama huyo nani atamwambia kitu?

Sasa ule urafiki wake na Eaton ulivunjika. Sehemu nzuri ya kujenga bwawa la akiba ilikuwa Long Valley, na Eaton ndo alikuwa na ile ardhi, akataka dola milioni moja, Mulholland akasema silipi. Akaenda kutafuta pengine, karibu na mji, korongo la San Francisquito. Hapo akajenga hilo bwawa la St. Francis, la zege, mita sitini hivi kwenda juu. Katikati ya ujenzi wakaliongeza kimo kwa awamu mbili bila kuupanua msingi. Upande mmoja mwamba ni wa tabakatabaka, unateleza kama karata, upande mwingine mwamba ukilowa unalainika. Kwahiyo jibu la swali lako ni mwamba kwanza, alafu kimo, alafu la tatu nakuja.

Asubuhi ya tarehe 12 Machi 1928 mlinzi wa bwawa, anayeishi hapo chini na mwanawe mdogo, akaona maji yanavuja, na yana rangi ya tope. Kuvuja peke yake si ajabu, bwawa la zege huvuja. Rangi ndo ilimtisha, maana maji yakitoka na udongo ina maana yanakula kitu huko ndani. Akapiga simu. Mulholland akaja mwenyewe na msaidizi wake, akazunguka, akatazama, akasema tope limetokana na barabara inayochimbwa hapo pembeni, maji yenyewe masafi. Akarudi mjini kula chakula cha mchana. Saa sita kasoro dakika tatu usiku bwawa likaondoka. Lote isipokuwa kipande cha katikati kilichobaki kimesimama kama jino. Maji yakaserereka hadi baharini, kilomita zaidi ya themanini, yakafika alfajiri, watu zaidi ya 400 wamekufa, na mlinzi na mwanawe wakiwa wa kwanza.

Kwenye uchunguzi Mulholland alisema msimlaumu mtu mwingine, nibandikeni mimi, na akasema anawaonea wivu waliokufa. Nimeirudia hiyo kwa sababu huku kwetu sijawahi kusikia mkubwa akisema hivo. Na wale wachunguzi wakaandika kitu cha maana kwako wewe mwanafunzi, kwamba ujenzi wa bwawa kubwa usiachwe kamwe kwenye uamuzi wa mtu mmoja, hata awe nani. Hilo ndo la tatu. Hakukuwa na mtu wa kumpinga. Mei 2018 pale Solai, Nakuru, bwawa la shambani lilipasuka usiku watu zaidi ya arobaini wakafa, na stori za majirani zilikuwa ni za kuvuja na za kusema bila kusikilizwa. Mwambie lecturer aongeze dakika.

We mwandishi, unawapenda sana wazungu wanaopinga mabwawa. Wao wameshajenga, wana umeme na bustani, sasa wanatuandikia vitabu sisi tusijenge. Bwawa la Julius Nyerere megawati 2,115 lisingejengwa tungesikiliza watu kama Reisner. Jibu hilo. (Msomaji, Dodoma)

Mzee wangu umenikamata pazuri, na nusu ya hilo nakubaliana nalo. Mie umeme nautumia, friji yangu haiendeshwi na mashairi.

Lakini soma kwanza. Reisner hakuwaandikia Watanzania, aliwaandikia Wamarekani kuhusu pesa za Wamarekani. Hasira yake haiko kwenye zege, iko kwenye hesabu. Shirika la serikali linaloitwa Bureau of Reclamation lilianzishwa 1902 kusaidia mkulima mdogo, ekari 160 kwa mtu, na maji ya ruzuku, na miongo ikapita ikawa makampuni yenye maelfu ya ekari ndo yanayokunywa ile ruzuku. Na mfano wake mmoja mie huwa nauhadithia harusini watu wananikimbia: California mwaka 1986 majani ya ng'ombe yaliyomwagiliwa peke yake yalikunywa maji sawa na watu wote milioni 27 wa jimbo, pamoja na mabwawa yao ya kuogelea. Majani! Kwenye nchi ya nusu jangwa! Alafu mama mwenye nyumba mjini ndo anaambiwa asioshe gari.

Au chukua mto Colorado. 1922 majimbo yalikaa yakagawana maji yake, yakaandikiana mkataba, lakini vipimo walivyotumia vilitoka kwenye miaka yenye mvua nyingi isivyo kawaida. Wakagawana maji ambayo hayapo. Reisner anaandika hayo 1986, watu wakamwita mtabiri wa mabaya, na Julai 2022 ziwa Mead, lile la bwawa la Hoover, likashuka hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu lilipokuwa linajazwa miaka ya thelathini.

Na sifa yake nyingine ambayo wapinzani wake hawaitaji: alibadilika. Kwenye kitabu aliwashambulia wakulima wa mpunga wa California, kulima mpunga kwenye ukame ni wazimu gani. Baadaye akakutana nao, akaona kwamba yale majaruba wakiyajaza maji wakati wa baridi badala ya kuchoma mabua, mabata na ndege wanaohama wanatua kwa mamia ya maelfu, akafanya nao kazi miaka yake ya mwisho. Mtu aliyeandika kurasa mia tano za hasira kukaa mezani na aliowatukana si jambo dogo, mie kuna jirani hatujasalimiana tangu 2019 kwa ajili ya ukuta.

Alipokosea ni kwamba aliona miji kama midomo tu isiyoshiba. Los Angeles leo imeongezeka watu kama milioni moja juu ya wale iliokuwa nao 1970 na maji inayotumia hayajazidi ya wakati ule, vyoo vya kubana, nyasi zimeng'olewa, bili zimepanda. Hilo hakuliona linakuja vile.

Kaka, niko hapahapa Los Angeles mwaka wa nane, nalea wazee, na sikujua maji ninayooshea vyombo yana stori. Nikitaka kuona kwa macho niende wapi? Na lile bonde limebaki nini? (Msomaji, California)

Hujambo huko ughaibuni. Una bahati, sisi wengine tunaona kwa karatasi.

Karibu kabisa ni Sylmar, barabara kuu namba 5 ukiwa unatoka mjini kuelekea kaskazini, pale kilimani kuna ngazi ya zege inayoshusha maji yanatoa povu. Ndo hapohapo pa 1913, pa vikombe. Watu wanapita na magari laki ngapi sijui kwa siku wanadhani ni mtaro wa mvua.

Ukipata siku mbili za ofu, shika barabara namba 395 hadi Lone Pine. Utakuta ziwa Owens, ambalo si ziwa. Lilikuwa kilomita za mraba kama 280, kufika 1926 limekauka, likabaki sakafu ya chumvi, na kwa miongo mingi upepo ukipiga hapo unanyanyua vumbi jeupe baya kuliko mahali pengine popote Marekani, watoto wanakohoa. Sasa sikiliza. Jiji lilishurutishwa litulize hilo vumbi, na tangu 2001 linamwaga maji juu ya ile sakafu, maji yaleyale ya mto uleule, limeshatumia zaidi ya dola bilioni mbili. Ndege wamerudi, wanatembea kwenye vidimbwi. Na ardhi ya huko bado ya Los Angeles, zaidi ya ekari 300,000 kwenye wilaya mbili, ndo maana utaona bonde zuri tupu halina majumba, mnyang'anyi kalihifadhi bila kukusudia.

Ukiendelea mbele kuna ziwa Mono. Hilo nalo mfereji ulilifikia 1941, likawa linashuka, ila 1978 vijana wachache, wengi wanafunzi waliokuwa wanahesabu ndege, wakaanzisha kamati, wakaenda mahakamani, 1983 mahakama kuu ya jimbo ikasema ziwa ni amana ya umma, na 1994 jiji likaamriwa liache maji mpaka ziwa lifike kiwango walichoweka. Halijafika bado. Lakini lipo. Nipigie picha, na kama unaweza chota maji kidogo uonje, ni chumvi kuliko bahari, uniambie.

Wengine wote mlioandika "Anko niazime": kopi yangu aliichukua mtu wa Tabata mwezi wa tano. Anajijua. Ile yenye duara la dumu.